SOMO: Jinsi mdoli wa kugongesha magari anavyofanywa afanane na mtu

Wakuu salama? Kuna mtu aliuliza ile midoli ya kwenye gari linalobamizwa ukutani inatengenezwaje. Kwanza sahau sura, kinachotakiwa ni akigongwa abonyee na apinde kama wewe.

1. Chagua mwili wa nani. Mdoli anayeitwa Hybrid III, wa kampuni ya magari ya General Motors (1976), ambaye bado yuko kazini, ni mwanaume wa sm 175, kilo 78 hivi.

2. Kichwa. Fuvu la alumini, unalivisha ngozi ya vinaili. Kidondoshe kwenye bamba la chuma toka mm 376, paji litangulie, sensa isome g 225 hadi 275 (g moja ni nguvu ya mvutano wa dunia, siyo gramu). Ikitoka hapo huyo hafai bado.

3. Shingo, hapa ndo kazi ilipo. Ukiweka chuma haipindi, ukiweka mpira mtupu kichwa kinaning'inia kama embe kwenye upepo, sasa jamaa wakapanga visahani vya alumini na mpira kwa zamu, waya wa chuma ukapita katikati, halafu mpira wakauchanja kwa mbele ili kwenda nyuma iwe rahisi kuliko kuinama.

4. Kifua. Mbavu sita za chuma zenye kitu cha kumeza mtikisiko, sensa inapima kimebonyea kiasi gani. Kwa huyu mwanaume sheria ya Marekani inaishia mm 63.

5. Viungo. Kaza skrubu mpaka mkono ulionyooshwa ubaki hewani wenyewe, ukiugusa tu unashuka.

6. Mpake rangi usoni, utaona pua imegusa wapi kwenye eabegi.

MASWALI

– Mkuu kwa nini wasitumie maiti tu?
Walitumia, kwa mfano chuo cha Wayne State pale Detroit. Ila maiti mmoja unamgonga mara moja, mbavu zikivunjika basi. Profesa wao Lawrence Patrick alikuwa anapanda mwenyewe kwenye kile kigari cha majaribio, sijui mkewe alikuwa anasemaje.

– Na sisi wanawake?
Dada umenishika pabaya. Miaka mingi "mwanamke" alikuwa mwanaume aliyepunguzwa. 2022 Sweden, timu ya Astrid Linder ikamtoa wa sm 162, kilo 62, wa kupima gari ikigongwa kwa nyuma. Imechelewa mno kwa kweli.

– Nikimleta Dar atafanya kazi?
Hybrid III anataka chumba cha nyuzi 20.6 hadi 22.2 mkuu. Lipia AC kwanza.