Jinsi ya Kupanga Mchezo wa Kila Siku kwa Paka na Mbwa

Wafugaji wengi wanaokuja kwangu kuomba ushauri huwa na malalamiko yanayofanana: paka huwaamsha watu alfajiri na kuwarukia miguu, mbwa hutafuna viatu na kuchimba bustani. Swali langu la kwanza ni kama mnyama huyo huchezeshwa, na saa ngapi. Mara nyingi najibiwa kwamba huchezeshwa pale mtu anapopata nafasi, na kwa maoni yangu hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu mnyama asiyejua mchezo wake utakuja lini hushinda akiutafuta kwa njia zake mwenyewe. Si kila tabia inayokera huisha kwa mchezo; mbwa anayelia na kukwaruza mlango kila anapoachwa peke yake huenda ana hofu inayohitaji msaada wa mtaalamu. Hata hivyo, kabla ya kumwadhibu mnyama wako, fuata hatua hizi kwa wiki kadhaa mfululizo.

Hatua ya 1: Chagua saa, kisha uishike

Paka hulala kwa saa 12 hadi 16 kwa siku, na huchangamka zaidi alfajiri na jioni, nyakati ambazo kwa maumbile yake angekuwa anawinda. Mpangie vipindi viwili au vitatu vya dakika 10 hivi, kimoja kikiwa kabla tu ya mlo wa jioni. Akicheza, akala, atajilamba na kulala, na usiku wenu utakuwa mtulivu zaidi. Mbwa hufaidika na vipindi viwili vya dakika 15 hadi 30, kutegemea umri na aina yake, mbali na matembezi yake ya kawaida. Kwa mbwa usifuatanishe mlo na mchezo wa nguvu: acha angalau saa moja kati yake, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, ambao wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, jambo linaloweza kuua ndani ya saa chache.

Hatua ya 2: Kagua vichezeo

Mpira wa mbwa uwe mkubwa kiasi cha kutoweza kupita kooni, na kitu cha kutafuna kiwe laini kiasi cha kubonyea kidogo unapokikandamiza kwa ukucha, kwa kuwa vitu vigumu kama mifupa huvunja meno. Usimrushie kijiti, kwani ncha yake inaweza kumchoma kooni anapokidaka akiwa mbioni.

Kwa paka, hatari kubwa ni uzi. Paka akimeza uzi au utepe, ncha moja hunasa, mara nyingi chini ya ulimi au tumboni, huku utumbo ukiendelea kuuvuta mpaka unajikunja na hata kukatika. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au njia ya haja, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Fimbo yenye uzi na manyoya ni kichezeo bora kabisa, lakini ifungie kabatini kila mchezo unapokwisha.

Hatua ya 3: Mchezeshe paka kama mwindaji

Hapa ndipo wengi hukosea, kisha husema paka wao hapendi kucheza. Wao humtikisia manyoya mbele ya pua, ilhali hakuna windo linalojipeleka kinywani mwa mwindaji. Isitoshe, paka haoni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 25 hivi. Ndani ya umbali huo yeye hutegemea masharubu yake. Basi kiburute kichezeo kimwondokee, kipite pembeni mwa kochi, kisha kisimame kimya nyuma ya mguu wa meza. Mwangalie sasa: mboni zinapanuka, kifua kinashuka karibu kugusa sakafu, makalio yanatikisika kidogo huku na huku, halafu anaruka. Sekunde hizo za kunyatia ni mchezo kamili hata kama hajakimbia, kwa hiyo usimharakishe.

Mwache akamate mara kwa mara, akumbatie, ang'ate na kupiga mateke kwa miguu ya nyuma. Unapokaribia mwisho, punguza kasi kana kwamba windo limechoka, mwache alikamate kwa mara ya mwisho, kisha umpe chakula. Mwanga wa leza haumpi nafasi hiyo, maana hakuna kinachoshikika. Ukiutumia, usimmulike machoni, na umalizie kwenye kichezeo halisi. Mikono yako nayo isiwe windo kamwe, kwani mtoto wa paka aliyezoea kung'ata vidole hataacha atakapokuwa na meno ya paka mkubwa.

Faida yake huonekana hata nje ya nyumba. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha matokeo kwamba paka wawindaji waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza idadi ya mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 25.

Paka akianza kupuuza kichezeo, kifiche kwa siku kadhaa na utoe kingine chenye umbo au mguso tofauti.

Hatua ya 4: Mpe mbwa mchezo wenye kanuni

Mbwa huomba mchezo kwa kuinamisha miguu ya mbele huku makalio yakibaki juu. Mkivutana kamba, mfundishe neno moja la kuachia: simamisha mkono wako usivute, subiri alegeze taya, msifu, kisha uanze kuvuta tena, ili aelewe kwamba kuachia hakumalizi raha. Meno yakigusa ngozi yako, simama na unyamaze kwa muda mfupi. Mbwa mchanga asirukishwe juu wala kukimbizwa kwa muda mrefu kabla mifupa yake haijakomaa, na kwa aina kubwa hilo huchukua hadi miezi 18.

Usidharau pua yake. Kuficha vipande vya chakula chini ya taulo zilizokunjwa na kumwacha avitafute humtuliza mbwa kuliko kurushiwa mpira mfululizo, ambako mara nyingi humwacha na msisimko mwingi kuliko alioanza nao.

Hatua ya 5: Acha kabla hajachoka kupita kiasi

Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na wenye pua fupi kama Pug na Bulldog hushindwa mapema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likipita 41 uhai wake uko hatarini. Ulimi ukining'inia mwekundu sana, mate yakiwa mazito au mwendo ukiyumba, mweke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwilini na umwahishe kwa daktari. Paka anayehema kwa mdomo wazi apumzishwe papo hapo, na ikijirudia achunguzwe moyo na mapafu.

Hatua ya 6: Fuatilia mabadiliko

Paka hasa ni hodari wa kuficha maumivu, na mchezo wa saa maalumu ni miongoni mwa vipimo vichache ulivyo navyo nyumbani. Andika kwa kifupi amecheza vipi. Paka mzee aliyekuwa akiruka kitini na sasa anagonga manyoya akiwa amelala, au mbwa anayeufuata mpira lakini anasita kuuinamia, huenda ana maumivu ya viungo au meno. Mrekodi kwa simu anapocheza na umwonyeshe daktari video hiyo, kwa sababu kliniki mnyama mwenye hofu hujikaza na haonyeshi anavyotembea nyumbani.