Kuuza gari la kale la michezo Kenya: jinsi ya kuhamisha umiliki hatua kwa hatua

Datsun 240Z yangu niliinunua mwaka 1993 kutoka kwa mkulima wa kahawa upande wa Thika, nikaiuza mwaka 2024. Ukiwa na Probox huhitaji mwongozo huu: Probox huuzwa asubuhi, jioni iko njiani Narok na abiria sita. Gari ulilokaa nalo miaka thelathini ni habari nyingine. Karatasi zake zimezeeka pamoja nalo, nawe umezeeka, na moyo unataka kufanya mambo ambayo wakili wako angekukataza.

Tuanze na sheria, maana ndiyo itakayokufuata nyumbani. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinakupa wewe muuzaji siku 7 za kumjulisha msajili kwamba umeuza, na zikipita siku 14 tangu mauzo, gari halifai kuonekana barabarani kabla ya mmiliki mpya kuandikishwa. Kwa hiyo unachouza hasa ni jina. Ufunguo ni chuma tu.

Somo hili nililipia. Zamani niliuza pikapu kwa mtindo wa madalali: nikatia sahihi fomu ya kuhamisha, nafasi ya jina la mnunuzi nikaiacha wazi, nikapewa pesa zangu, tukaagana. Miaka miwili baadaye nikapigiwa simu na polisi kutoka mji ambao sijawahi kulala. Pikapu ilikuwa imegonga mwendesha baiskeli na dereva alikuwa ametokomea. Nilisafiri mara tatu kwenda kueleza kwamba mimi siye. Ushahidi wangu ulikuwa karatasi moja ya daftari la shule, haina hata tarehe.

Hatua ya kwanza: linganisha gari na logbuku yake

Logbuku ni hati ya usajili wa gari. Fanya hivi kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unauza. Chukua tochi, kitambaa chenye mafuta ya taa na brashi ya waya laini. Kwenye 240Z nambari ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Zilizouzwa kwetu, za usukani wa kulia, huanza na HS30; ukikuta HLS30, hiyo ni ya usukani wa kushoto, na kama usukani uko kulia basi kuna hadithi ya kuelezwa. Nambari ya injini iko ubavuni mwa bloku, chini ya grisi ya miaka. Sugua polepole, piga picha, kisha soma tarakimu moja moja huku mtu mwingine ameshika logbuku.

Mimi nilisomewa na binti yangu. Tulipofika tarakimu ya tano akasema, "Baba, hapa pameandikwa tatu." Kwenye chuma palikuwa na nane. Nilipofukua nakala ya fomu niliyojaza mwenyewe mwaka ule wa 1993, nikaona kosa lilikuwa langu: nane yangu ya haraka ilikuwa imefunguka upande mmoja. Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyetazama. Kusahihisha kulihitaji polisi wa upelelezi kunakili nambari kwa utepe kutoka kwenye chuma na kuandika ripoti, ndipo ombi la marekebisho likapokelewa. Wiki sita zilikwenda. Fikiria kama mnunuzi angekuwa tayari amelipa.

Kama injini ilibadilishwa, mambo ni hayo hayo. Nyingi za magari haya zilitolewa injini ya asili, L24, zikapewa injini kubwa zaidi za ukoo huo huo, L26 au L28, na fundi hakuwaza habari ya karatasi. Logbuku ikiwa imepotea, anzia kituo cha polisi upate abstrakti, yaani hati ya kuonyesha umeripoti kupotea kwake, kisha omba nakala mpya. Ikiwa ina jina la benki kando ya lako kwa mkopo uliokwisha kulipwa zamani, benki lazima ijiondoe kwanza.

Na kama ina jina la marehemu baba yako, pole, ila simama hapo hapo. Gari hilo ni mali ya mirathi hata kama umelifua na kulilisha mafuta wewe peke yako miaka ishirini. Mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi na kuzithibitisha, na msimamizi aliyetajwa ndiye atakayehamisha. Nimeona gari zuri la kihistoria likiozea chini ya mwembe kwa sababu ndugu wanne walikubaliana bei ya kuuza, wasikubaliane nani aende mahakamani.

Hatua ya pili: mnunuzi

Hapa sitasema mengi. Wanaoyajua magari haya hukutana, na maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong ni mahali pazuri pa kuanzia. Utaulizwa kuhusu mbio za magari za Safari Rally tu, maana 240Z ndiyo iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyelingana alama na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS kiasi kwamba ilibidi waangalie nani aliadhibiwa kidogo mapema. Kama gari lako halikushiriki, sema halikushiriki. Langu lilienda Mombasa kwa harusi tatu, na hivyo ndivyo nilivyomwambia mnunuzi.

Akija kulijaribu, nenda naye. Piga picha kitambulisho chake kabla hajaketi, na uwe umeuliza kampuni ya bima kama mtu mwingine anaruhusiwa kuendesha.

Hatua ya tatu: mkataba na pesa

Mwende kwa wakili, mmoja wa kila upande ikiwezekana. Mkataba uwe na majina kamili, nambari za vitambulisho na PIN za KRA za wote wawili, nambari ya chesisi na ya injini kama zilivyo kwenye chuma, bei, namna ya kulipa, na maneno kwamba gari linauzwa jinsi lilivyo. Kasoro unazozijua ziorodheshe. Mimi niliandika kutu chini ya betri, gia ya pili inayolalamika asubuhi, na geji ya mafuta inayodanganya. Mnunuzi alicheka, lakini orodha hiyo ndiyo inayokulinda akirudi mwezi ujao na fundi wake.

Andikeni tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu: kamera ikinasa gari saa kumi jioni, ijulikane lilikuwa la nani.

M-Pesa itafaa kwa arbuni tu, kwa kuwa muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Hundi za Kenya nazo zina kikomo cha milioni moja. Kwa bei ya gari kama hili, pesa zipite benki hadi benki, na uwe kwenye tawi lako zikiingia. Ujumbe wa simu unaosema umelipwa si malipo, na picha ya stakabadhi si malipo. Ukiletewa hundi ya benki, benki yake ithibitishe kabla hujaachia kitu. Noti kwenye mfuko wa karatasi zikatae hata kama anayezileta ni shemeji.

Hatua ya nne: kuhamisha kwenye mfumo wa NTSA

Siku hizi fomu za kupanga foleni zimekwisha. Wewe muuzaji ndiye unayeanza. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti yako, fungua huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, tafuta gari lako kwenye orodha ya magari yako, chagua kuhamisha umiliki, jaza kitambulisho cha mnunuzi na upakie mkataba na nyaraka unazoulizwa. Ombi litatokea kwenye akaunti yake naye atalikubali. Ada hutegemea ukubwa wa injini, na 240Z ina cc 2,393, hivyo usitegemee kulipa kama mwenye Vitz. Semeni mapema nani analipa.

Vikwazo viwili huwapata wenye magari ya zamani. Kwanza, gari huenda lisionekane kwenye orodha yako kabisa kwa sababu liliandikishwa kabla ya mambo ya mtandao; litabidi liunganishwe kwanza na kitambulisho na PIN yako. Pili, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye laini ya simu uliyojisajili nayo. Yangu ilikuwa laini niliyoitupa. Angalia hayo mawili mwezi mzima kabla ya kutangaza bei.

Usimpe kijana wa saiba nenosiri lako eti amalize haraka. Mwache aketi kando, uandike mwenyewe.

Hatua ya tano: ufunguo na bima

Siku jina lilipobadilika niliingia tena kwenye akaunti kuhakikisha gari limetoka kwenye orodha yangu. Nilipiga picha ukurasa ule nikauhifadhi pamoja na mkataba. Halafu nikaandikia kampuni ya bima ifute bima yangu na kunirudishia sehemu iliyobaki. Bima yako haimfuati mnunuzi. Aje na yake kabla hajawasha.

Toa vitu vyako mapema, siyo yeye akiwa amesimama langoni. Chini ya kiti nilikuta kiatu cha mtoto, mguu wa kushoto, na stakabadhi ya petroli iliyofifia kabisa. Sanduku la risiti za fundi nilimpa mnunuzi, maana ni la gari.

Aliyelichukua ni daktari wa meno kutoka Nakuru, mwanamke wa umri wa binti yangu. Nilimwandikia ukurasa mmoja wa jinsi ya kuliwasha, akaukunja bila kuusoma. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia.

"Mzee shikamoo. Halitaki."

"Marahaba. Vuta choki nusu, usikanyage mafuta. Hesabu hadi tano."

Nikasikia kabureta zikikohoa, kisha silinda sita zote zikaitika.