Kuchambua sitiari katika Kiingereza cha vikao vya Dar: hatua kwa hatua

Wakala wa forodha wa Kurasini, ofisa wa meli Mturuki na mfanyabiashara wa Lubumbashi wakikaa kikao, wataongea Kiingereza, na hakuna aliyezaliwa nacho. Wanaisimu hukiita lingua franka. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili anayetafuta sitiari kwenye mazungumzo ya aina hiyo na hataki sura ya matokeo irudishwe na wino mwekundu. Sitaeleza sitiari ni nini.

Hatua ya 1: Ridhaa na kurekodi

Kila mshiriki asaini fomu ya ridhaa kabla hujawasha kinasa sauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo "nilimwambia kwa mdomo" si jibu la kumpa mtahini. Rekodi kwa WAV, mono, 44.1 kHz, biti 16. Saa moja ni kama MB 318. Simu inatosha ukiilaza juu ya kitambaa katikati ya meza na kuiweka isipokee simu. Zima feni. Honi za bajaji hupita, lakini mvumo wa feni haukatiki na humeza konsonanti zote. Faili lisitumwe WhatsApp kama sauti, litabanwa. Litume kama dokumenti au tumia fleshi.

Hatua ya 2: Unukuzi

ELAN, basi, programu ya kunukuu sauti. Ni ya bure, na kila neno linabaki limefungwa kwenye sekunde yake. Anayenukuu kwenye Word atajuta siku atakapotaka kusikia tena kicheko kimoja. Tenga safu moja kwa kila msemaji, na ufuate kanuni za VOICE, hazina ya Vienna ya mazungumzo ya Kiingereza cha aina hii, yenye maneno zaidi ya milioni 1, iliyofunguliwa mwaka 2009: andika kilichosemwa, usisahihishe sarufi, kicheko kiwe @, kimya kifupi kiwe (.).

Hatua ya 3: Kukata maneno

Kitenzi cha maneno mawili yenye maana moja (phrasal verb), kama "give up", ni kipande kimoja. Nahau ikate neno kwa neno, hata ukijisikia vibaya. Nahau zilizopinda ndizo zimejaa kwenye data hii.

Hatua ya 4: Maana ya msingi dhidi ya maana ya muktadha

Hapa ndipo wengi hukwama wiki nzima.

Zipo njia mbili za kutambua sitiari zinazotumika sana: MIP ya kundi la Pragglejaz (2007) na MIPVU ya Vrije Universiteit, Amsterdam (2010). Chukua MIPVU. Inachosha, lakini ina kanuni kwa kesi ambazo MIP inaziacha mikononi mwako. Kiini chake ni hiki: tafuta maana ya neno katika muktadha, tafuta maana yake iliyo ya msingi zaidi, yaani inayoshikika, inayohusu mwili au iliyo wazi zaidi, kisha uangalie kama maana hizo zinatofautiana na bado moja inaeleweka kwa kuifananisha na nyingine. Kama ndiyo, weka alama ya sitiari. Usivuke aina ya neno: kitenzi "dog" hakilinganishwi na nomino "dog".

Kamusi kwanza. Waliobuni MIPVU walitegemea kamusi ya Kiingereza ya Macmillan, na tovuti ya kamusi hiyo ilifungwa mwaka 2023. Tumia Longman ya mtandaoni kama kamusi kuu, taja hivyo kwenye sura ya mbinu, na usibadili kamusi katikati ya kazi. Usimuulize rafiki Mwingereza. Kigezo chako ni kamusi na muktadha, na ladha ya mzawa wa lugha haimo.

Sasa mitego. Chukua mfano huu niliotunga, S1 hadi S3 wakiwa wasemaji watatu:

S1: this container is eating our money (.) every day it eats
S2: then we must close the mouth @@
S3: yes (.) today

Mchambuzi Mswahili atapita "eating" bila kusimama, kwa sababu kula hela ni maneno ya kila siku. Mchambuzi mgeni atasimama na kuandika "sitiari bunifu". Wote wamechanganya mambo. Alama inategemea tofauti kati ya kutia chakula mdomoni na gharama za kuhifadhi kontena kupanda. Upya wa usemi hauhusiki. Weka upya kwenye safu wima yake peke yake. Na kama maana ya muktadha haimo kwenye kamusi, usiogope, MIPVU inaruhusu. Maana ya msingi ndiyo isiyokosa kuwemo.

Mtego wa pili ni kukimbilia asili. Mtu akisema "he has a hand of kettle", Mtanzania yeyote anasikia mkono wa birika. Lakini alama ya sitiari huja kwanza, maelezo ya asili baadaye, na huandikwa "limetoka Kiswahili" pale tu msemaji anapokijua Kiswahili, usemi umo kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na Longman haina wa kufanana nao. Kigezo kimoja kikikosekana, andika "inawezekana". Mwanaisimu Marie-Luise Pitzl alichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa "we should not wake up any dogs". Kiingereza kina mbwa waliolala ("let sleeping dogs lie"), Kijerumani pia kinao. Ukitaka kuutafutia usemi huo mzazi mmoja utahangaika bure. Hoja ya Pitzl ina faida zaidi: nahau ikibadilishwa umbo, picha iliyokuwa imelala ndani yake huamka.

Mtego wa tatu ni kufunika kila jambo gumu kwa neno "kosa". MIPVU ina misimbo miwili ya wasiwasi, na watu huichanganya. WIDLII ni pale unapoelewa kilichosemwa lakini huna uhakika kama ni sitiari: kibakize. DFMA ni pale usemi ulipokatika au hausikiki hata maana ya muktadha haipatikani: utoe kwenye hesabu. Sarufi iliyopinda peke yake haikupi msimbo wowote kati ya hiyo.

Hatua ya 5: Msikilizaji alifanya nini

Safu wima moja, majibu matano: aliendelea, alirudia picha, aliikuza, aliuliza, alicheka. Yakitokea mawili, andika yote. S2 hapo juu ameikuza na kucheka, na ushahidi huo una uzito kuliko nadharia yoyote utakayonukuu.

Hatua ya 6: Mwafaka wa wachambuzi

Mchambuzi wa pili apewe angalau asilimia 10 ya data, bila kuona alama zako. Usiripoti asilimia ya mwafaka, inadanganya. Tuseme maneno 1,000, kila mmoja ameweka alama 100, na mmelingana kwenye maneno 950. Asilimia 95 inapendeza, lakini kwa kuwa maneno mengi si sitiari, mngelingana kwenye 820 hata kwa kubahatisha. Kappa ya Cohen, kipimo cha mwafaka kinachoondoa bahati, ni (0.95 − 0.82) ÷ 0.18, yaani 0.72. Chini ya 0.8, kaeni pamoja mpitie mlipotofautiana. Mara nyingi utakuta ni vihusishi, na "have", "make" na "take". Andikeni uamuzi mmoja kwa kila neno, kisha mrudie kwa kipande kipya cha data. Kile mlichojadili hakifai tena kupimia.

Idadi ya sitiari itoe kwa kila maneno 1,000, maana vikao havilingani urefu.