Joto la Dar na sisi tulioumia uti wa mgongo

Jamani Disemba mpaka Machi hapa Dar si ya kuchukulia poa, hasa kama uliumia shingo au kifua, kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, maana taarifa za ubongo hazifiki tena huko chini, jasho halitoki chini ya ulipoumia, mwili unachemka tu kama sufuria iliyofunikwa.

Mimi natembea na chupa ya kupulizia, ile ya saluni, najaza maji ya kawaida, napuliza usoni, shingoni, mikononi na mapajani halafu nakaa mbele ya feni. Hayo maji ndo jasho lako, feni kavu kwenye joto kali haisaidii sana. Shingoni weka kitambaa kilicholowa, kikikauka lowesha tena. Barafu usiweke miguuni, itakuunguza na hutahisi. Chuma cha kitimwendo kilichoachwa juani nacho hivyohivyo, gusa kwanza kwa mkono wenye hisia.

Maji kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, usijinyime kisa mpira wa mkojo, ongea na nesi mpange upya ratiba.

Ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, kivulini haraka, legeza nguo, lowesha mwili. Ukianza kuchanganyikiwa, hospitali, usisubiri. Ila kichwa kikigonga ghafla na jasho linamwagika usoni, hapo inaweza kuwa presha imepanda, kaa wima, cheki mpira wa mkojo haujajikunja ukazuia mkojo, isipotulia mapema kimbilia hospitali.