Jinsi ya kuomba usajili wa biashara ya michoro ya mshono wa msalaba

Biashara hii mara nyingi huanza kabla mwenyewe hajaiita biashara. Rafiki anaomba nakala ya chati uliyobuni, yaani mchoro wa miraba unaoonyesha kila mshono na rangi yake. Wa pili anataka jina la mtoto wake litariziwe katikati ya maua yako. Wa tatu anatuma pesa hata hujamtajia bei. Huyo wa tatu akishafika, kaa chini uanze maombi ya usajili, maana tangu hapo unapokea malipo ya kazi, na malipo yanataka jina, risiti na kumbukumbu.

Mwongozo huu unamlenga mtu anayefanya kazi peke yake: anabuni michoro ya kutarizi kwa mshono wa msalaba na kuiuza kama faili, karatasi iliyochapishwa, au kifurushi chenye kitambaa na uzi ndani. Ofisi huitwa majina tofauti kila nchi, lakini mpangilio wa ombi unafanana. Nitakaa zaidi kwenye umiliki wa michoro na jina la biashara. Hayo ndiyo niliyoona yakiwakwamisha wengi, na yote mawili humalizwa kabla fomu haijafunguliwa.

Hatua ya 1: Hakiki kwamba michoro ni yako

Msajili hatakuuliza ua lako umelitoa wapi. Lakini ukishasajiliwa, jina na anwani yako viko kwenye daftari la umma, na mwenye haki ya picha uliyoitumia anajua pa kukupata. Kwa hiyo toa chati zako zote, zitandaze mezani, uzigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile ulizochora mwenyewe tangu penseli ya kwanza. Hizi ni mali yako. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, hakimiliki inaanza kazi inapotengenezwa, bila kuijazia fomu yoyote. Ila siku ya ubishi utatakiwa kuonyesha kwamba ulitangulia. Fungua jalada la kila mchoro: karatasi ya penseli, faili za hatua za kati zenye tarehe zake, na picha ya kitambaa cha majaribio. Mimi huacha hata mistari niliyoifuta. Mtu aliyenakili huwa na mchoro uliokamilika peke yake. Aliyebuni ana njia nzima aliyopitia.

Fungu la pili ni michoro iliyotokana na kazi ya mwingine: picha uliyoiona mtandaoni, katuni, nembo ya timu, jalada la kitabu. Kuna programu zinazogeuza picha kuwa miraba na rangi kwa sekunde chache, na wengi hudhani picha ikishageuka misalaba imekuwa mpya. Sivyo. Picha ni ya mpiga picha, na chati iliyotokana nayo inahitaji ruhusa yake. Ua kama ua halina mwenyewe, kila mtu anaweza kulichora; chenye mwenyewe ni ule mchoro wa ua aliouchora fulani.

Ukiipenda sana picha hiyo, omba ruhusa kwa maandishi. Barua iwe fupi, lakini itaje picha ipi, utaitumia kwenye bidhaa gani, nakala ngapi, kwa muda gani, katika nchi zipi, na unapendekeza malipo gani. "Naomba kutumia picha yako" haitoshi, kwa sababu hata akijibu "sawa" hamjui mmekubaliana nini. Jibu lisipokuja, chati hiyo usiiuze. Ukimya si ruhusa.

Fungu la tatu ni michoro ya kale. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, linatunza kitambaa cha sampuli za mishono kilichotariziwa na Jane Bostocke mwaka 1598. Mkataba wa Berne unalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Kitambaa cha 1598 kimekwisha kuvuka huko zamani sana. Unaweza kuhesabu mishono yake na kuichora upya. Lakini picha ya kisasa ya kitambaa hicho inaweza kuwa na masharti yake, na chati ambayo mbunifu wa leo ameichora kutokana nacho inaweza kuwa na haki zake. Hesabu kutoka kwenye kitambaa, usinakili chati ya mwenzako.

Kuna vitu viwili hapa ambavyo husahaulika. Kwanza, leseni ya programu unayochorea: baadhi ya zile za bure haziruhusu kuuza kilichotengenezwa nazo. Soma masharti. Pili, herufi. Ukichukua aina ya herufi kutoka mtandaoni ukaigeuza kuwa alfabeti ya kutarizi, angalia kama mwenye herufi ameruhusu matumizi ya kibiashara au ya binafsi tu.

Hatua ya 2: Andika unachouza kwa sentensi moja

Fomu ina sehemu ya kueleza shughuli ya biashara. Wengi huandika "kazi za mikono" na kuishia hapo, kisha wakienda kuomba leseni wanapangiwa kundi lisilowahusu. Mimi ningeandika hivi: "Kubuni na kuuza michoro ya kutarizi, iliyochapishwa na ya kidijitali." Kama utauza vifurushi, ongeza: "pamoja na vifurushi vya kitambaa, uzi na sindano." Kama utapokea oda za vitambaa vilivyokwisha kutariziwa, taja pia. Usitaje shughuli ambazo huna mpango nazo, maana nyingine huvuta vibali vya ziada.

Kabla ya kuandika neno "vifurushi", jiulize kama uko tayari. Anayeuza faili anaahidi chati sahihi. Anayeuza kifurushi anaahidi vipimo. Chukua chati yenye mishono 140 kwa 98. Kwenye kitambaa cha Aida, kilichofumwa kwa miraba ya kuhesabia mishono, chenye mishono 14 kwa inchi, picha itatoka inchi 10 kwa 7, yaani sentimita 25.4 kwa 17.8. Ukiweka kitambaa cha mishono 18 kwa inchi, picha hiyohiyo inashuka hadi karibu inchi 7.8 kwa 5.4. Ukiacha inchi 3 kila upande kwa ajili ya fremu, kitambaa cha kwanza kikatwe inchi 16 kwa 13. Mteja akipata kitambaa kisichotosha baada ya kutarizi majuma sita, hana la kufanya ila kuanza upya, na hilo linauma kuliko pesa. Nakushauri uanze na faili, vifurushi vije baadaye.

Hatua ya 3: Tafuta jina, kisha lipekue

Nilipoanza, nilichapisha kadi na kuweka jina langu chini ya kila ukurasa wa chati kumi na mbili, ndipo nikaenda kuliombea usajili. Likakataliwa: mwingine alikuwa analo, tena kwa bidhaa za kushona vilevile. Ilinibidi kufungua faili moja moja, kufuta jina, kuweka jipya, kisha kuwaandikia walionunua kwamba mbunifu ni yuleyule. Sitaki upite huko.

Tafuta jina sehemu nne: daftari la majina ya biashara, daftari la alama za biashara, anwani za tovuti, na masoko ya mtandaoni ambako michoro huuzwa. Tafuta pia majina yanayokaribiana kimatamshi, maana msajili anaweza kukataa jina linaloweza kuchanganya wateja hata kama tahajia ni tofauti. Epuka maneno yanayoashiria serikali, benki au chuo. Kwa kawaida yanataka kibali maalumu. Epuka pia kuingiza jina la kampuni ya uzi ndani ya jina lako. Kwenye ufunguo wa rangi, yaani orodha ya alama za chati na uzi wake, ni sawa kuandika kwamba alama fulani ni uzi wa DMC namba 310, ambao ni mweusi, kwa sababu mteja anahitaji kujua anunue nini. Kulifanya jina hilo sehemu ya biashara yako ni jambo jingine kabisa.

Andaa majina matatu kwa mpangilio wa upendeleo. Katika nchi nyingi, ukifanya biashara kwa jina lako kamili bila kuongeza neno lolote, huhitaji kusajili jina la biashara. Unaenda moja kwa moja kwenye kodi na leseni. Kama hilo linakufaa, litumie.

Hatua ya 4: Kusanya nyaraka

Kwa kawaida utahitaji kitambulisho au pasipoti, anwani ya makazi, anwani ya biashara (inaweza kuwa nyumbani), namba ya simu, barua pepe, na pengine picha ndogo. Kama umepanga, soma mkataba wako wa pango uone kama unaruhusu biashara nyumbani, au mwombe mwenye nyumba barua. Tumia barua pepe utakayodumu nayo, kwa sababu taarifa za kuhuisha zitakuja huko.

Kagua majina. Kama kitambulisho kina majina matatu, fomu iwe na hayo matatu, kwa mpangilio na tahajia ileile, na akaunti ya benki iwe hivyohivyo. Herufi moja inatosha kurudisha ombi.

Hatua ya 5: Jaza, lipa, tuma

Chagua aina ya biashara ya mtu mmoja. Kampuni ina faida zake, hasa kutenganisha madeni ya biashara na mali yako, lakini ina hesabu na taarifa za kila mwaka ambazo mbunifu anayeanza hana haja nazo. Penye tarehe ya kuanza biashara, andika tarehe ya kweli. Kama ulishauza, sema. Usibuni tarehe ya mbele.

Ada lipa kwa njia iliyoelekezwa na ofisi yenyewe, na hakikisha uko kwenye tovuti rasmi kabla ya kuingiza namba ya kadi au simu. Hifadhi stakabadhi na namba ya ombi mahali pamoja. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, piga picha ya kila ukurasa uliojaza.

Ombi likirudishwa kwa marekebisho, soma sababu neno kwa neno, urekebishe kilichotajwa tu. Ukibadilisha na mengine, mkaguzi anaweza kuanza ukaguzi upya.

Hatua ya 6: Kodi, leseni, benki

Ukishapata hati, omba namba ya mlipakodi au uiunganishe na ile uliyonayo, kisha leseni ya biashara pale inapotakiwa, kisha akaunti ya benki. Kuna nchi zinazotanguliza namba ya mlipakodi, basi uliza mapema. Ukiuza faili kwa wateja wa nje, kodi ya mauzo inaweza kufuata nchi ya mnunuzi. Masoko makubwa ya mtandaoni mara nyingi huikusanya yenyewe, lakini ukiuza kwenye tovuti yako mzigo ni wako.

Soko la mtandaoni nalo lina maombi yake ya kuthibitisha muuzaji. Linataka kitambulisho, akaunti ya benki na jina, na hapa ule uangalifu wa majina katika hatua ya 4 unakulipa.

Hatua ya 7: Alama ya biashara, ukiwa tayari

Hati ya jina la biashara haikupi haki ya pekee juu ya jina hilo. Hiyo huja na usajili wa alama ya biashara, ambao ni ombi jingine lenye ada kubwa zaidi, na unaweza kusubiri hadi michoro yako ianze kutafutwa kwa jina. Ombi litakutaka uchague madaraja ya bidhaa kwa Mfumo wa Nice, wenye madaraja 45. Michoro ya kutarizi iliyochapishwa iko daraja la 16, faili za kupakua la 9, uzi la 23, kitambaa la 24, sindano la 26. Kila daraja kwa kawaida huongeza ada, kwa hiyo anayeuza chati peke yake aombe 16 na 9, aache mengine.

Ukisharusha ombi la kwanza nyumbani, una miezi 6 chini ya Mkataba wa Paris kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Kwa nchi nyingi kwa pamoja kuna Mfumo wa Madrid, nao hupitia ofisi ya nchi yako, juu ya ombi au usajili ulionao tayari.

Baada ya hati kutoka

Fungua kila chati, weka chini ya ukurasa jina kama lilivyo kwenye hati, mwaka, na sharti la matumizi kwa maneno ya kawaida: mnunuzi anaruhusiwa kutarizi, haruhusiwi kugawa faili. Kama kuna watu wanaokutarizia majaribio, andikianeni kwamba mchoro unabaki wako na nini wanapata kwa kazi yao. Andika kwenye kalenda tarehe ya kuhuisha leseni, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, na ukihama nyumba mpelekee msajili anwani mpya ndani ya muda uliowekwa.