Namna ya Kufuatilia Afya ya Kijito Kilichochafuka katika Dakio la Mto Lukuledi

Kabla ya kununua kipimo chochote, tembea dakio zima la kijito, yaani eneo lote ambalo maji yake hutiririkia humo, kuanzia kwenye chemchemi hadi kinapoingia mtoni, kwani maradhi yanayoonekana majini aghalabu huanzia nchi kavu. Kwenye vijito vinavyoulisha Mto Lukuledi, unaoteremka hadi ghuba ya Lindi, kusini mwa Tanzania, andika mahali palipolimwa ufuta hadi ukingoni, mifugo inaponyweshewa, watu wanapofulia, na mikorosho inayopuliziwa salfa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, kwa hiyo pima umbali huo kwa kamba badala ya kukisia.

Chagua angalau vituo viwili vya kupimia, kimoja upande wa juu wa chanzo cha uchafu kinachoshukiwa na kingine chini yake, na usivibadilishe. Kituo cha chini kisiwe mahali ambapo maji ya bamvua hufika, la sivyo utapima chumvi ya bahari ukidhani ni uchafu wa kijiji.

Kuhusu majira, wengi hukosea kwa kupima kiangazi pekee, njia inapopitika. Huku kusini mvua huwa na msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mvua za kwanza ndizo zinazokokota kila kilichorundikana juu ya ardhi. Salfa inayopulizwa katikati ya mwaka dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ni mfano mzuri: inapobaki udongoni, bakteria huigeuza kuwa asidi, na udongo wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kuizuia. Ikiwa fedha zinatosha kwa safari chache tu, mimi ningeweka akiba kwa ajili ya mvua hizo, kisha nikalinganisha pH (kipimo cha asidi) ya kituo cha chini na ile ya kituo cha juu.

Oksijeni iliyoyeyuka majini ipimwe alfajiri. Usiku mimea na mwani huitumia bila kuizalisha, hivyo kijito kinachoonyesha kiwango kizuri alasiri huenda kilikuwa chini ya miligramu 5 kwa lita kabla ya jua kuchomoza, kiwango ambacho samaki wengi huanza kutaabika. Andika na joto la maji, kwa kuwa maji ya nyuzi 30 hayabebi zaidi ya miligramu 7.5 hivi kwa lita.

Wadudu wa majini husimulia yaliyopita, jambo ambalo chupa ya maji haiwezi. Penye mchanga mtupu usihangaike kutafuta mawe ya kuwasakia chini yake. Pitisha wavu kwenye mizizi na majani yaliyozama. Mabuu yenye mikia mitatu myembamba na matamvua ubavuni mwa tumbo huashiria maji mazuri, ilhali minyoo na mabuu mekundu yakitawala pekee, shuku uchafu unaooza. Vaa buti ndefu na glavu kwa sababu ya kichocho, na penye mamba usiingie kabisa.

Sampuli ya bakteria ichukuliwe kwa chupa iliyotakaswa, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana. Nakala ya daftari, yenye tarehe, saa na hali ya mvua ya siku iliyotangulia, ipelekwe Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini.