Geuza Beji Kwanza: Kuzitambua Beji na Nishani za Babu Aliyekuwa Keya

Kila baada ya muda jirani huniletea kopo la biskuti lililojaa vyuma vya babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Swali huwa moja: "Hivi ni vya vita gani?" Karibu wote huanza kwa kuangalia picha iliyo usoni. Mimi huanzia mgongoni.

Hatua ya 1: Usisugue

Nilipoanza kukusanya, beji moja niliipiga Brasso hadi ikang'aa kama sufuria mpya. Kumbe ilikuwa shaba iliyopakwa fedha. Fedha yote ikabaki kwenye kitambaa. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Nishani isitengwe na utepe wake hata kama umeliwa na mende. Andika pia kwenye karatasi nani kakupa na ilitoka kwa babu yupi. Hilo hutalisoma kwenye chuma.

Hatua ya 2: Igeuze

Hapa kaa sana, mchana dirishani, na lenzi mkononi.

Beji halisi ya chuma chembamba ilipigwa kwa mhuri, kwa hiyo picha ya mbele huonekana nyuma ikiwa imebonyea. Mgongo ukiwa bapa, una chembechembe kama mchanga, na mistari ya mbele imefifia, shuku kwamba imemiminwa kwenye kalibu iliyonakiliwa kutoka beji nyingine. Si lazima iwe hivyo kila mara, lakini usitoe hela kabla hujaiona nyingine.

Angalia kishikizo. Vitanzi viwili vilitumika miaka mingi, kwa hiyo peke yake havisemi mengi. Ulimi mrefu wa chuma ulichomekwa kwenye mkunjo wa kofia. Misumari miwili yenye vifuniko vya kubana ni mtindo wa karibuni. Ukiikuta kwenye beji inayodaiwa kuwa ya 1914, muuzaji ana maelezo ya kutoa. Nyepesi sana yenye rangi ya dhahabu? Hiyo ni aluminiamu, na jeshi la Uingereza liliingia huko baada ya Vita vya Pili, miaka ya 1950. Ya plastiki usiitupe: wakati wa vita hivyo Waingereza walibana matumizi ya chuma, wakatengeneza beji za plastiki.

Mihuri midogo nayo isome. Nanga ni ofisi ya kupima fedha ya Birmingham, kichwa cha chui ni London, na simba anayetembea anathibitisha fedha halisi.

Hatua ya 3: Soma taji

Matao ya taji yakiwa yamepanda kwa mviringo, ni taji la wafalme, 1901 hadi 1952. Yakiwa yamebonyea katikati kama mabega mawili, ni la Malkia Elizabeth, baada ya hapo. Tahadhari moja: mfalme wa sasa, Charles, alirudisha umbo la mviringo mwaka 2022, kwa hiyo taji peke yake halitoshi.

Hatua ya 4: Picha na namba

Buruji, ile tarumbeta ya kambini, ni alama ya vikosi vya rifle, nao Keya walikuwamo. Ukiona namba pamoja na KAR, hiyo ni batalioni: 1 na 2 zilitoka Nyasaland (Malawi ya leo), 3 Kenya, 4 Uganda, 6 Tanganyika. Kichwa cha nyati ni Kenya Regiment, kikosi cha walowezi kilichoundwa 1937. Kitambaa chenye kichwa cha kifaru ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliovuka mto Chindwin mwaka 1944 kule Burma, au "Bama" kama wazee wanavyopaita.

Hatua ya 5: Nishani, soma ukingo

Nishani ya fedha ya vita vya 1914–18, yenye mtu uchi juu ya farasi, huwa na namba, cheo, jina na kikosi vimechapwa ukingoni. Zungusha polepole chini ya tochi. Ukingo uliokwanguliwa maana yake mtu alifuta jina.

Nyota za Vita vya Pili ni kinyume. Zile zenye ncha sita Waingereza walizitoa bila jina, kwa hiyo usivunjike moyo ukikosa la babu. Nyota yenyewe inataja eneo: Burma Star inajieleza, Africa Star iliwahusu pia waliopigana na Waitaliano Ethiopia na Somalia.

Hatua ya 6: Ikikataa

Tafuta picha ya zamani ya babu akiwa na sare. Linganisha kofia, bega na kifua. Mara mbili nimekuta beji niliyodhani ni ya kofia imevaliwa kwenye kola, na ndiyo maana ilikuwa ndogo kuliko zote nilizokuwa nikizilinganisha nayo.

Kama koponi kuna beji za jeshi la sasa, ziache. Sare za jeshi kwa raia si mchezo, na mimi sizigusi.